Barua kwa mwanangu: mwezi wa matembezi ya karibu

Magomeni, Dar es Salaam
1 Juni

Mwanangu,

Habari za Tabata? Sisi huku hatujambo, baba yako yupo na redio yake. Nimepata ujumbe wako kwamba likizo imekubaliwa, na shule ikifungwa unataka watoto wauone mji badala ya kushinda kwenye katuni. Umeniuliza uanzie wapi. Anzia kwenye mwezi, huo wa angani, ndipo ufungue pochi.

Pwani yetu ina saa zake. Watu huwabeba watoto Jumapili saa nne, wakifika ufukwe wa Coco wanakuta maji yamekimbilia mwambani, mtoto analia anataka kuoga, mama ananuna. Wiki mbili baadaye wanakwenda jioni, maji yamejaa mpaka juu, hakuna hata mchanga wa kuchezea. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji ni ya bamvu: hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa sana mnamo saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu: hujaa mnamo saa nne asubuhi, na alasiri hukupwa kidogo tu. Kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika 50. Bamvu lenyewe hukolea siku moja au mbili baada ya mwandamo, kwa hiyo usiwe na haraka ya siku ile ile. Ukitaka uhakika wa dakika, Mamlaka ya Bandari hutoa majedwali ya maji, au muulize mvuvi yeyote.

Basi hapo una safari mbili tofauti, usizichanganye. Ya kuoga, chagua asubuhi za maji mafu, karibu na tarehe 8 au 22 ya mwezi mwandamo. Maji yapo karibu, mkondo umelala, na upepo wa kusi bado haujapata nguvu, maana mwezi wa sita kusi hupenda kuamka vizuri kuanzia mchana. Fikeni saa mbili na nusu, mtoke saa tano kabla jua halijawa kali. Ule ubaridi wa kusi unadanganya: mtoto hahisi joto, akirudi nyumbani mabega yamebabuka. Mvalishe fulana ya mikono hata ndani ya maji. Na wewe kaa majini pamoja nao, maji ya kiunoni kwako, mkono ukiwafikia. Kuwaangalia ukiwa umekaa kwenye mkeka na simu mkononi si kuwaangalia.

Ya pili ni ya kutembea mwambani, na hii ndiyo mume wangu wa miaka mitano ataipenda zaidi. Chagua asubuhi ya bamvu. Ingieni saa moja na nusu kabla maji hayajakupwa kabisa, muyafuate yanavyoondoka, na yakifika mwisho wake geuzeni hapo hapo. Watu wengi hukosea hapa. Husubiri mpaka waone maji yanarudi mbele yao, kumbe bahari hujaza kwanza mifereji ya nyuma, kule mlikotokea. Ukiwa na mmoja mgongoni na mwingine mkononi, mfereji wa maji ya magoti ni jambo zito.

Kandambili ziache nyumbani, zinachomoka kwenye tope. Wavalishe yeboyebo zenye mkanda wa kisigino. Kata chupa ya maji ya lita moja na nusu katikati, ile sehemu ya chini iwe ndoo yao: kaa mdogo, kamba, samaki wa kidimbwini, wanawekwa humo, wanaangaliwa pande zote, wanarudishwa pale pale walipotolewa. Jiwe lililogeuzwa lirudishwe lilivyokuwa, maana walio chini yake hufa kwa jua. Sheria moja usiilegeze: kombe lenye umbo la pia, nene juu na jembamba chini, lenye madoadoa mazuri, halishikwi hata kama linaonekana tupu. Konokono aliyemo ana mwiba wenye sumu, na katika jamii yake wapo walioua watu wazima.

Mtu akikanyaga ile miiba myeusi ya bahari, usichokonoe kwa pini. Vinavyoonekana juu vitoe kwa kibanio cha nyusi, kisha loweka mguu kwenye maji ya moto anayoyavumilia, uyapime kwanza kwa kiwiko chako, kwa nusu saa au zaidi. Vipande vilivyozama, au vilivyo karibu na kiungo, ni kazi ya hospitali. Akichomwa na yavuyavu, msuuze kwa maji ya bahari yenyewe. Maji ya bomba na kusugua kwa mchanga huzidisha.

Kivuko cha Kigamboni nacho ni matembezi kamili, wala huhitaji kufika mbali. Panda mwendokasi mpaka Kivukoni, Magogoni pako hapo hapo. Asubuhi umati wote unatoka Kigamboni kuja mjini, kwa hiyo ninyi mnaokwenda kule saa mbili au saa tatu mtapata nafasi, na mtoto ataona meli za bandarini bila kubanwa na mapaja ya watu. Mrudi kabla ya saa tisa na nusu. Baada ya hapo mnapishana na wanaorudi makwao, na geti likifunguliwa watu hukimbia. Hapo mdogo anafungwa mgongoni kwa kanga, mkubwa unamshika kifundo cha mkono na si vidole, na mnasimama pembeni mpaka kundi la kwanza lipite. Kadi ya N-Card, ile ya kulipia nauli, iwe na salio tangu nyumbani. Ng'ambo bajaji itawafikisha ufukwe wa Mikadi, mnywe madafu, mrudi.

Siku ya mawingu wapeleke Makumbusho ya Taifa, pale Mtaa wa Shaaban Robert. Kuna habari za Zinjanthropus, yule zamadamu wa Oldupai aliyefukuliwa mwaka 1959, na kuna magari waliyopanda viongozi. Najua ni lipi litakalopendwa. Dakika 45 zinatosha, ukizidisha unamfundisha kuchukia makumbusho. Kwa umri wao mimi napendelea Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, kwa sababu nyumba zile za asili anaingia kwa miguu yake, kama ule msonge wa Wahaya. Kwenye miti wavalishe mikono mirefu. Mbu wa dengi huuma mchana.

Siku za kukaa nyumbani tengenezeni tiara, kusi ndilo lake. Chomoa chelewa nne ndefu kwenye fagio jipya, zifunge mbilimbili kwa uzi ili zisivunjike. Jozi moja ikate sentimita 50, hiyo ni mgongo. Nyingine 45, hiyo ni mabawa. Zipishane sentimita 13 kutoka kichwani, uzifunge msalaba. Zungusha uzi kwenye ncha zote nne, ukaze bila kuzipinda. Karatasi iwe nyepesi, ile laini ya rangi; gazeti hunyonya unyevu wa pwani na kulegea. Gundi ni vijiko viwili vya unga wa ngano kwenye kikombe cha maji, unakoroga jikoni mpaka iwe kama uji. Paka nyembamba, acha ikauke kabisa.

Hatamu, ule uzi unaoishika tiara, ndiyo inayowashinda wengi. Kata uzi wa sentimita 70 bila kuhesabu wa mafundo, ncha moja ifunge pale msalabani, nyingine chini mwa mgongo. Piga kitanzi sentimita 25 kutoka msalabani, hapo ndipo unapofunga uzi wa kurushia. Mkia ni utepe wa kanga kuukuu wenye urefu wa mita mbili na nusu. Tiara ikizunguka kama pia, ongeza mkia. Ikivuta kwa nguvu lakini haipandi, sogeza kitanzi kidogo kuelekea kichwani. Ikiyumba bila kuvuta, kirudishe kuelekea mkiani. Ikiegemea upande mmoja kila mara, bawa moja ni zito: ilaze juu ya kidole kwa mgongo wake, na upande mwepesi ubandike kipande cha karatasi. Rusheni ufukweni jioni, mbali na nyaya za umeme. Ikinasa kwenye waya, imekwenda, hata alie vipi. Hakuna kuivuta wala kuichokoa kwa fimbo.

Chakula cha njiani kisiwe na tui. Wali wa nazi ukifungwa moto saa moja asubuhi, saa saba umeshaanza kuchacha. Beba chapati, mihogo ya kuchemsha kwa chumvi, ndizi, matango ambayo hayajamenywa. Chupa za maji zijaze robo tatu tu, uzigandishe usiku. Ukijaza mpaka juu barafu hutanuka na kuzipasua. Hizo ndizo barafu yako mpaka saa sita, na baadaye ndiyo maji ya kunywa. Mihogo ya kukaanga ya Coco inunuliwe, sijakataa, ila pilipili na kachumbari viwe kwenye sahani yako.

Safari kubwa iweke moja tu, mwisho wa mwezi: treni ya SGR kwenda Morogoro na kurudi siku hiyo hiyo. Ilipoanza, Juni 2024, nauli ya kawaida ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto wa miaka minne hadi 12. Angalia ya sasa kabla ya kupanga. Kata tiketi za kwenda na kurudi kwa pamoja, kwa sababu wengi hupata ya kwenda na kukuta ya jioni imeisha. Shika kitambulisho, fika stesheni saa nzima kabla. Mkae dirisha la kushoto wakati wa kwenda, Milima ya Uluguru itatokea upande huo. Mdogo hatalala garini asubuhi kwa msisimko, atalala mnaporudi, kwa hiyo nepi na nguo ya kubadili viwe juu ya mfuko, si chini.

Kwa wiki isizidi safari moja ya siku nzima na mbili za asubuhi. Mkubwa ukimwona ameanza kugombana na mdogo wake bila sababu, amechoka. Rudini, hata kama mmefika sasa hivi.

Mwandamo uliopita nimeuandika nyuma ya bahasha, uanzie hapo kuhesabu. Lile deli la barafu liko kwangu, mfuniko wake umelegea kidogo, ufunge kwa mpira. Tuma bodaboda alichukue Ijumaa kabla ya saa nne, baada ya hapo nitakuwa sokoni.

Nisalimie mume wangu na mdogo wake.

Mama yako