Presha ikipimwa, mapigo nayo yaguswe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie wagonjwa wa presha wa visiwa vya Lamu. Mamangu mdogo, mkaazi wa Faza, kisiwani Pate, alimeza amlodipini, dawa ya presha, miaka mingi, na kila alipokwenda kliniki alifungwa mashine mkononi, akasomewa namba mbili, akapewa dawa za mwezi. Alipolalamika kuwa moyo unampapatika, aliambiwa ni uchovu. Hakuna aliyemshika kifundo cha mkono akahesabu mapigo. Mwaka jana alipatwa na kiharusi, na ndipo kipimo cha umeme wa moyo kilipoonyesha kuwa vyumba vya juu vya moyo wake vinatetemeka bila mpangilio.

Maradhi hayo mara nyingi hufuata presha ya muda mrefu, na huzidisha hatari ya kiharusi takriban mara 5, kwa sababu damu inayotuama katika vyumba hivyo huganda, na bonge lake likichomoka huweza kuziba mshipa wa ubongo. Amlodipini hushusha presha tu. Bisoprololi na atenololi hupunguza kasi ya moyo na presha pia, na ni hatari kuziacha ghafla, lakini hata hizo hazizuii damu kuganda. Kazi hiyo mamangu mdogo amepewa warfarini, dawa isiyo na kiasi kimoja kwa watu wote: kipimo cha damu kiitwacho INR, kinachoonyesha damu inakawia kiasi gani kuganda, kwa kawaida hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3, kwani kikishuka kinga dhidi ya mabonge ya damu hupungua, na kikipanda mtu huweza kuvuja damu. Hata mchicha na sukuma wiki akizila leo nyingi na kesho asizile, nguvu ya dawa hubadilika.

Kwa watu wa Faza kipimo hicho cha INR ni safari ya boti hadi Amu, yaani mji wa Lamu, na wakati wa upepo mkali wa kusi tumewahi kukikosa.

Kwa hivyo naiomba idara ya afya ya kaunti iagize kila anayepimwa presha aguswe mapigo kwa dakika nzima, na yakiwa hayana mpangilio apimwe presha tena kwa kifaa cha mkono, maana mashine huweza kukosea, kisha apelekwe kupimwa umeme wa moyo. Naomba pia Faza iletewe kile kimashine kidogo kinachopima INR kwa tone la damu ya kidoleni.

Msomaji wako,
Langoni, Lamu