Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kansa ya Kongosho na Fomu za Ukoo

Ndugu wanachama, salamu kwenu nyote na poleni sana waliofiwa mwaka huu. Mambo ya hela atayasoma mweka hazina, mimi nakaa kwenye lile swali mnaloniuliza kila kikao, hii kansa ya kongosho inarithiwa au hairithiwi?

Wengi hawajairithi, ni kama mgonjwa 1 tu kati ya 10 ndo ana sababu ya kurithi. Kwa wengine ni umri, sigara, unene, kisukari cha muda mrefu, pombe nyingi inayoharibu kongosho miaka na miaka. Sigara peke yake inaongeza hatari karibu mara mbili, na ukiwa na ukoo wenye ugonjwa huu ndo kabisaa usiiguse. Mnamjua Jimmy Carter, yule rais wa Marekani, baba yake alikufa kwa kansa hii 1953, alafu Ruth 1983, Billy 1988, Gloria 1990, wadogo zake wote watatu! Yeye akafika miaka 100, na nyumba nzima ile ni yeye tu hakuwa mvutaji. Sisemi sigara ndo jibu lote ila mimi hii familia inanikaa sana kichwani.

Sasa fomu za ukoo tulizogawa, zile za kuandika ndugu waliougua na ugonjwa waliougua. Nimezisoma moja moja, nyingi zimeandikwa "babu, tumbo", basi. Jamani tumbo gani? Rudini kwa wazee muulize vizuri, macho yaligeuka njano? Alikonda ghafla, maumivu yakapenya mpaka mgongoni, sukari ikaanza uzeeni bila dalili za nyuma? Na shangazi aliyeugua kansa ya titi mwandikeni pia, hata mjomba wa tezi dume, maana jeni ya BRCA2 ikiwa na hitilafu inaweza kuleta zote hizo pamoja na ya kongosho, na inapita kwa baba sawasawa na kwa mama.

Mwenye ndugu wa damu wa karibu wawili waliougua, mzazi, mtoto au wa tumbo moja, naomba aende na fomu yake kwa daktari wa kansa aulizie kipimo cha jeni na kufuatiliwa kwa MRI (picha ya ndani ya mwili) kila mwaka, kwa kawaida wanaanzia miaka 50 au 10 kabla ya umri aliougua yule mdogo kuliko wote. Asiye na historia hiyo wala jeni yenye hitilafu kwenye ukoo kwa kawaida hahitaji kuhangaika na MRI za kila mwaka, ila mwenye ndugu wa karibu hata mmoja aliyeugua bado aulizie kipimo cha jeni.

Fomu zilizorekebishwa mpeni katibu kabla ya kikao kijacho, daktari mgeni atazipitia na kila familia pembeni, kwa siri.