Msisahau mnyororo wa wapima ardhi

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Wamarekani kuhamia magharibi imeruka jambo kubwa: upimaji. Wanafunzi wetu hapa Mbeya, wanaoona bikoni za viwanja kila siku, wangelielewa haraka.

Sheria ya mwaka 1785 iligawa ardhi katika miraba ya maili 6 kwa 6, kila mraba vipande 36 vya ekari 640. Kipande namba 16 kilitengwa kwa ajili ya shule. Wapimaji walivuta mnyororo wa futi 66 wenye pingili 100. Minyororo 80 ni maili moja. Pingili zikilika, mnyororo hurefuka, na kosa hujirudia kila unapovutwa. Tena mistari ya kusini kwenda kaskazini hukaribiana kadiri inavyoelekea ncha ya dunia, hivyo miraba haikukaa sawasawa. Baadaye upungufu ulisukumiwa vipande vya ukingo wa kaskazini na magharibi.

Bei ya chini ilikuwa dola 1 kwa ekari, na kipande kizima dola 640. Mkulima wa kawaida angezitoa wapi? Walanguzi ndio walionufaika. Mwaka 1820 iliruhusiwa kununua ekari 80, dola 1.25 kila ekari, taslimu. Ekari 160 za bure zilikuja 1862, kwa sharti la kukaa na kulima miaka 5.

Na ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Sehemu kubwa ya jimbo la sasa la Ohio ilichukuliwa kwa mkataba wa Greenville wa 1795, baada ya makabila ya wenyeji, yaani Washawnee, Wamiami na wenzao, kushindwa na jeshi la Marekani katika vita vya Fallen Timbers mwaka 1794. Ninyi mmeiita “pori tupu”. Tunaomba mrekebishe.

Walimu wa historia,
Mbeya