Baba yetu na ardhi ya Kondoa

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimkumbuke baba yetu, babu wa watoto wetu, aliyetangulia mbele ya haki mwaka huu na kuzikwa kijijini kwetu Kondoa. Tangazo la tanzia lilitaja ukoo wake, watoto, wakwe na mahali pa maziko, kama ilivyo desturi, lakini halikugusa kazi aliyoifanya, na naona kazi hiyo haistahili kufukiwa pamoja naye.

Marehemu alikuwa kibarua, na baadaye msimamizi wa vibarua, katika mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, ulioanza mwaka 1973. Kijana anayepita leo katika barabara ya Dodoma kwenda Babati na kuona vichaka kila upande huenda asiamini kuwa vilima vile vya Irangi viliwahi kuwa udongo mwekundu mtupu, uliochanwa na makorongo yenye kina cha kutisha, huku mito ya mchanga ikipanuka kila mvua ziliponyesha na kuyala mashamba ya watu. Baba na wenzake walichimba makingamaji kwa majembe ya mkono, wakapanda mikonge kwenye kingo za makorongo na miti vilimani.

Mwaka 1979 Serikali iliamuru mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika zaidi, lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Ng'ombe wa babu yetu, yaani baba yake mzazi, walikuwa miongoni mwa waliotakiwa kuhamishwa, na ni yeye aliyekwenda kumweleza mzee wake jambo hilo kwa adabu zote za mtoto kwa mzazi. Baadhi ya ndugu walimnunia kwa misimu kadhaa. Siwalaumu, kwani mtu aliyeondolewa maziwa ya watoto wake ana haki ya kuumia, na kwa maoni yangu wafugaji waliobeba mzigo ule hawajashukuriwa ipasavyo hadi leo. Baba mwenyewe hakuisimulia siku ile kwa fahari hata mara moja. Alichopenda kusimulia ni nyasi zilivyorudi zenyewe baada ya mifugo kuondoka, na furaha yake mwishoni mwa miaka ya 1980, ng'ombe wa maziwa walipoanza kuruhusiwa tena kwa sharti la kufugwa zizini.

Wajukuu zake watamkumbuka kwa mengine. Aliwakataza kabisa kushuka mlimani kwa njia ya mkato, akiwaeleza kuwa korongo huanza kama kijia cha miguu ambacho maji hukifuata, na alikuwa radhi kuchelewa msikitini kuliko kuacha kijia kipya bila kukiziba kwa miiba. Mjukuu aliyemletea miiba hiyo alipewa karanga, na aliyepita njia ya mkato aliketishwa chini akaelezwa upya, bila kiboko.

Wazee waliofanya kazi naye sasa ni wachache. Naziomba halmashauri zetu na Chuo Kikuu cha Dodoma wawahoji wangali na kumbukumbu, na wawahoji pia wafugaji waliohamishwa. Familia yetu imehifadhi madaftari yake ya mahudhurio ya vibarua, yenye majina ya watu wa vijiji vingi, nasi tuko tayari kuyatoa yanakiliwe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwana wa marehemu,
Kondoa, Dodoma