Ufadhili wa binti yetu: tusingoje matokeo

Assalaam alaykum wanakikundi, hasa nyie mlioko Wete na Mkoani.

Nimeulizwa sana kuhusu mtoto wetu wa kidato cha sita, yule mkali wa fizikia. Jamani, tusikae kusubiri matokeo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar tutaomba, hilo halina mjadala, ila mkopo ni deni. Upo pia Ufadhili wa Samia, unaokwenda kwa waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi, na ule haulipwi.

Kwa Marekani, Harvard, Yale na MIT hawaangalii mfuko wa mzazi wanapochagua, hata kwa mwanafunzi wa nje, na akikubaliwa wanamjazia pengo la gharama. Kuingia ni kugumu mno, semeni ukweli. Maombi yao hufungwa mapema Januari. Na IIT Madras, tawi la chuo cha teknolojia cha India pale Bweleo, Unguja, lililoanza 2023, tusilidharau kwa kuwa liko karibu.

Kubwa wiki hii ni cheti cha kuzaliwa. Kimeandikwa "Khamis", fomu ya mtihani ya skuli "Hamisi". Herufi tu, lakini ndizo zinazokwamisha watoto wetu dirishani. Ami yake aende ofisi ya usajili na karatasi zote mbili, cheti na fomu, nakala na asili.

Insha ya maombi ya chuo ataandika mwenyewe. Namtafuta mtu wa Kiingereza kizuri amsomee na kumkosoa, si kumwandikia. Aliye tayari anitumie ujumbe pembeni kabla ya Ijumaa.