Kuainisha si kutaja

Mhariri,

Siku hizi kila ripoti "inaainisha changamoto" na kila kiongozi "anaainisha mafanikio". Ukiisoma habari yenyewe, yametajwa mambo matano, moja baada ya jingine, basi. Huko ni kuorodhesha. Na kama msemaji amelifanya jambo liwe wazi, kitenzi chake ni kubainisha, ambacho ni ndugu wa bayana.

Ainisha imezaliwa na nomino aina, yenye asili ya Kiarabu. Irabu ya mwisho hudondoka, kisha huja -isha, ileile inayotupa safisha kutokana na safi. Maana imo ndani ya umbo: kuvipa vitu aina, yaani kuvigawa katika mafungu kwa kigezo kinachojulikana. Pasipo mafungu, hakuna kilichoainishwa. Wala si kuchambua. Anayechambua mchele hutoa mawe akayatupa. Anayeainisha hatupi kitu, kila kimoja lazima kipate fungu lake.

Mambo huharibika kwenye kigezo. Tazama ngeli za nomino. Ukifuata viambishi vya umoja na wingi, kitabu/vitabu na kifaru/vifaru vyote ni KI-VI. Ukifuata upatanisho wa kisarufi, tunasema "kitabu kimeanguka" lakini "kifaru ameanguka", hivyo kifaru anahamia A-WA, pamoja na mtu na mwalimu. Njia zote mbili ni halali. Kosa, tena kubwa, ni kuzichanganya katika jedwali moja: kifaru anakuwa na makazi mawili, na mwanafunzi anakosa alama asijue kwa nini.

Kwa hiyo ngazi moja ya mgawanyo ichukue kigezo kimoja tu, na kiandikwe juu ya jedwali kabla ya kazi kuanza. Vijaribiwe kwanza vitu vyenye utata, maana vyepesi havifichui kasoro. Fungu la "mengineyo" likizidi kuvimba, kigezo kimeshindwa. Kibadilishwe, yasiongezwe mafungu ya kubandika.

Nawaomba wahariri wenu, mwandishi akileta "waziri ameainisha vipaumbele", wamuulize: mafungu mangapi, na kwa kigezo gani? Akikosa jibu, "ametaja" inatosha kabisa.