Kila mtu nyumbani anaijua pumu ya mwenziwe

Assalaam alaykum Bi Mshauri,

Nakuandikia kutoka Wete. Tarehe ya kumrudisha mwanangu kliniki imebakia siku 12, na kabla ya siku hiyo lazima niamue: fomu niliyoijaza mwezi uliopita niirekebishe, au niiache ilivyo ili nyumba itulie.

Mwanangu ana miaka 7. Tangu mwaka jana akikimbia kidogo tu kifua kinalia kama bawaba kavu, na usiku wa manane huamka akakaa kitako, mabega yamepanda, anavutia pumzi mdomoni. Tumempaka mafuta ya karafuu, tumemlisha habasoda kwa asali, bibi yake kamwandikishia kombe akanywa siku tatu. Mwisho nikamchukua hospitali. Daktari akamsikiliza kifua, akampulizisha kile kidude cha kupimia pumzi mara tatu na kuandika namba iliyokuwa kubwa, kisha akanipa karatasi nijaze. Mwanzo wake mwepesi: mnapikia nini, mna paka, mtoto analalia godoro gani. Kuni na makumbi, paka mmoja, godoro la sufi aliloachiwa na babu yake. Halafu likaja jadweli la jamaa: baba, mama, ndugu, mababu, mashangazi, maami, upande wa kuumeni na wa kukeni. Nani ana pumu?

Nilijaza kama ninayejaza jina langu mwenyewe. Upande wa baba, hakuna, mstari mzima. Upande wangu, mama yangu, basi. Sikumpigia mtu simu. Nimeolewa nyumba hii mwaka wa 9 sasa, nimewauguza wote, nikajiona hakuna ajuaye zaidi yangu.

Muuguzi akaleta dawa ya kuvuta, ile ya bluu, na chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitako ili mdomo wa dawa uingie, kwa sababu mtoto ni shida kupatanisha kubonyeza na kuvuta. Hata hajamaliza kueleza, mwanangu kaichukua ile dawa mkononi mwake. Akaitikisa, akatoa pumzi yote, akaibana kwa midomo bila ya chupa, akabonyeza huku anavuta polepole, akafumba macho na kuanza kuhesabu kwa vidole. Alifika kumi. Muuguzi akacheka, "Baba, nani kakufundisha?"

"Shangazi. Lakini ya kwake imekwisha, inatoa upepo tu."

Shangazi anaye mmoja tu. Na karatasi iko mezani mbele ya daktari, wino haujakauka, mwandiko wangu: shangazi, hakuna.

Daktari hakunikemea. Aliniambia majibu ya namna hii anayapata kila siku, na kwamba mtu akisema fulani ana pumu, mara nyingi kuna kitu alichokiona, lakini akisema hana, huenda hakuona, au kasahau, au kafichwa. Mama huijua ya mwanawe kuliko ndugu anavyoijua ya nduguye, na mkishafika kwa mashangazi na mababu watu hubahatisha. Akanambia niulize vizuri, tukirudi tutayajadili.

Nikaanza na mume wangu, yuko Unguja dukani. "Pumu? Kwetu hakuna, labda kwenu." Nikamuuliza udogoni je. Akasema alikuwa akikohoa kama watoto wote. Jioni nikamuuliza mavyaa habari za huyo huyo mwanawe, akanijibu hapo hapo, hata mboga hakuacha kukata: mpaka miaka 10 alikuwa halali chali, na alilazwa mara mbili kifua kimembana. Na wewe mwenyewe, mama? "Mimi nna upepo." Ami wa mume wangu ananiambia huyo mwenye upepo hafukizi ubani chumbani kwake tangu ujanani, moshi ukimpata hulala barazani. Na ami mwenyewe? Anakataa kata kata, na mkewe nyuma yake ananionesha kwa kiganja kifuani, anatikisa kichwa.

Basi hivyo ndivyo tulivyo. Kila mmoja ni shahidi wa mwenziwe, wa nafsi yake hakuna.

Baadaye nikajua kosa jengine ni langu, liko kwenye neno. Nikisema pumu, watu wanafunga. Nikaacha kulitaja. Nikauliza nani huamka usiku akakaa kitako, nani hukimbia moshi wa udi harusini, nani hawezi kukaa penye jamvi la karafuu. Majina yakaja yenyewe, mengine sikuyataka.

Ndivyo nilivyomfikia baba yangu mzazi, yuko Konde. Tangu nilipopata akili, msimu wa karafuu baba hupanda mikarafuu na kuchuma vizuri kabisa, lakini kuchambua hakai. Usiku mama na sisi watoto tuko jamvini na taa katikati, tunatenga karafuu na makonyo, vidole vinanuka mpaka Ijumaa ya pili, na baba yuko kule chini ya mwembe peke yake. Sisi tukidhani ni uvivu wa wanaume, na mama alikuwa akimtania kwa hilo. Siku ya kutia karafuu kavu maguniani ndiyo mbaya zaidi: vumbi likipanda hukohoa mpaka machozi, anashika nguzo ya banda, anahema kama aliyetoka kuogelea. Nyumbani kwetu jambo hilo lina jina, kifua cha karafuu. Miaka yote hiyo hakuna aliyeliita kwa jina jengine, yeye ndiyo kabisa.

Na mama yangu, yule niliyemwandika mwenyewe kwa mkono wangu? Huyu miaka miwili sasa tunamwita mgonjwa wa pumu. Anahema akipanda ngazi mbili, analala kwa mito mitatu, usiku anakohoa. Kaka yangu alisema ni pumu, mimi nikasema ni pumu, mpaka na yeye akawa anasema pumu yangu. Tukamnunulia vidonge vya salbutamol dukani, akawa analalamika moyo unamwenda mbio na mikono inamtetemeka. Wiki mbili zilizopita, kwa sababu ya haya maswali, nikampeleka. Nikamtangulia kusema, "Daktari, mama ana pumu ya siku nyingi." Daktari akainama akambonyeza mguu kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo. Alipotoa kidole shimo likabaki pale pale, kama umebonyeza unga wa maandazi. Presha iko juu sana. Akapelekwa kipimo cha picha ya moyo. Hana pumu. Moyo wake umechoka kwa presha isiyotibiwa, na akilala maji hujaa mapafuni, ndiyo maana ya ile mito mitatu.

Pumu tulimpa sisi kwa midomo yetu, na kwa kuwa jina lilikwishapatikana hakuna aliyeutazama moyo. Kwa hiyo yale maneno ya daktari, kwamba anayesema ndiyo ana kitu alichokiona, mimi nayapokea nusu. Kweli niliona. Ila nilichokiona nikakipa jina silo.

Na kwa baba ni kinyume chake. Baba naye ana presha, anatibiwa kwengine. Daktari aliniuliza anameza dawa gani, kwa sababu ziko dawa za moyo na presha, kama propranolol, ambazo zikimpata mwenye pumu zinaweza kumbana kifua vibaya. Anayemtibu presha atajuaje, ikiwa mgonjwa mwenyewe anaulizwa una pumu na anajibu sina, nna kifua cha karafuu? Tena hata hilo la karafuu halitaji, maana msimu umepita. Nilimpigia kumuuliza vidonge vyake vina jina gani. Alisema ni vyeupe.

Sasa wifi yangu, na hapa ndipo pananikosesha usingizi. Ana miaka 23, kaposwa na watu wa Chake Chake, harusi Mfungo Mosi inshallah. Siku tuliyotoka kliniki mtoto alikwishamsimulia bibi yake kila kitu. Mavyaa akanifuata jikoni, akafunga mlango, na jiko lenyewe moshi tele. "Mwanangu, neno hilo lisitoke humu. Watu wa mume wakisikia watasema damu yetu mbovu. Mtoto ana mzio, na shangazi yake hana kitu." Sikumjibu. Si mtu mbaya, Bi Mshauri, na watu wa posa huuliza kweli. Mimi mwenyewe nilipokuja kuposwa, mama yangu aliwaambia wakwe hawa hawa kwamba sijapata kuumwa hata mafua, nami niko chumba cha pili nimeziba pua kwa kanga.

Wifi alinijia usiku, watu wamelala. "Wifi, nimekosa kumfundisha mtoto?" Akanieleza kwamba usiku mmoja nilikuwa khitmani, mtoto akabanwa mpaka midomo ikabadilika rangi, naye akampa ya kwake. Akalia. Nikamwambia umemwokoa, nini kukosa. Lakini nilipomhoji nikaogopa zaidi. Huyu msichana hajaonana na daktari wa kifua tangu yuko skuli. Ananunuliwa ile ya bluu na rafiki yake, kwa siri, na huivuta karibu kila usiku. Daktari wa mwanangu alinieleza khasa kwamba bluu hufungua kifua kwa saa chache tu, uvimbe ulio ndani ya njia za hewa hauutibu, na anayeihitaji kila siku huyo pumu yake haijashikwa. Ndiyo maana mwanangu kapewa na nyengine ya kuvuta asubuhi na jioni hata akiwa mzima. Wifi hana hiyo nyengine. Anangojea aolewe, na akisha kuolewa sijui ataivutia wapi hiyo bluu, chini ya kitanda cha watu?

Najua utaniambia kwamba mtoto wangu atatibiwa kwa kifua chake, si kwa kifua cha shangazi yake. Daktari naye kasema hivyo: mzazi kuwa na pumu kunaongeza uwezekano kwa mtoto, hakuuthibitishi, na wako waliozaliwa na wazazi wazima wakapata. Kwa hiyo naweza kuiacha ile fomu na dawa zisibadilike hata moja. Nimejaribu kujiliwaza kwa hilo, haliniingii.

Naomba unisaidie haya. Nikienda kliniki nimtaje wifi kwa daktari bila ya idhini ya mavyaa, nikijua wafanyakazi wa pale ni watu wa mji huu huu, na mtoto ana shangazi mmoja tu? Wifi mwenyewe hajakataa wala hajakubali, ananitazama tu. Nimchukue kimya kimya akaonwe yeye kabla ya harusi, nijifanye tunakwenda kununua vitambaa? Na baba yangu, mtu wa miaka 68 aliyejificha chini ya mwembe maisha yake yote, nimwanzie wapi bila ya kumwambia mbele ya mama kwamba hakuwa mvivu bali mgonjwa?

Na kuna hili la mwisho, dogo, nalo ndilo lililonikalisha kuandika. Mavyaa kamfundisha mtoto kwamba akiulizwa tena kliniki aseme namna ya kuvuta dawa aliiona kwenye televisheni. Jana usiku namfunika, akaniuliza, "Mama, tukirudi kwa daktari niseme shangazi au niseme televisheni?" Nikamwambia alale.

Mama wa watoto watatu,
Wete, Pemba